Uzi Mwekundu Kwenye Kola

Kwanza niwajibu wale walionitumia ujumbe kwamba nimelogwa. Sijalogwa. Niliolewa, nikazaa, nikapata mama mkwe, basi. Mengine yote yametokana na hayo.

Kwa aliyeingia leo nifupishe. Mimi na mume wangu tulioana wazima kama chuma, hakuna aliyejua kwamba kila mmoja amebeba sikoseli kimyakimya kwenye damu yake. Tukachanganya, akatoka Wakili. Ndiye binti yetu wa pekee, yuko darasa la tano, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu tangu ajue kusema hakubali jambo mpaka apewe ushahidi. Yeye hakubeba kimyakimya. Yeye anaumwa. Mifupa inamuuma mpaka anauma mto, anaongezewa damu, na mwaka jana alipata kiharusi kidogo kilichomwachia mkono wa kushoto mvivu.

Tukatafuta mtoto wa pili kwa njia ya maabara. Mayai yangu na mbegu za mume wangu vikakutanishwa kwenye kisahani, ili vitakavyotungwa vipimwe kwanza, ndipo kimoja kiwekwe tumboni. Mama mkwe akasema sasa tunachagua watoto kama nyanya, kwa kuminyaminya.

Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi mume wangu, ambaye ni fundi majokofu, alivyosikia umeme umekatika upande wa kliniki akakimbilia kule na bisibisi kuwaokoa wanawe. Kumbe si jokofu hata kidogo, ni pipa la baridi kali lisilohitaji umeme. Walinzi wakamtoa nje kwa heshima kidogo sana. Kesho yake daktari akapiga simu, akaniambia nikae chini kwanza, nami nikawaachia pale.

Nilikaa. Alichosema ni hiki.

Viinitete salama vilivyobaki ni viwili. Yeye anaviita viinitete, mimi naviita vifungo, kwa sababu kwenye picha aliyonitumia ni viduara vyenye vitundu, vimejipanga kama vifungo vya shati la mtoto. Kifungo cha kwanza hakina sikoseli kabisa, wala hakijabeba. Mtoto huyo angekua, akapenda amtakaye, akazaa bila hofu. Kifungo cha pili kimebeba kama sisi. Hataumwa, ila siku moja naye anaweza kukutana na mwenzake aliyebeba, hadithi ikaanza upya.

Lakini hicho cha pili kinalingana na Wakili. Akizaliwa, na akikua kidogo, uboho wake, yaani ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, unaweza kuwekwa kwa dada yake. Wakili anaweza kupona. Daktari alisema "anaweza", hakusema "atapona", nami nilimwomba arudie ili nisikie vizuri.

Nikauliza vile vingine vimekwenda wapi. Akasema vilikuwa na ugonjwa wenyewe, vimewekwa kando.

Mfuko wangu wa uzazi, mnaokumbuka zile mimba mbili zilizoharibika mnajua, unapewa mimba moja ya mwisho. Mtoto mmoja. Tulitakiwa kurudi Jumatatu asubuhi na jibu.

Basi nyumba ikawa haikaliki. Mume wangu alimtaka yule mzima. Alisema huu mnyororo ukatike hapa, hataki mjukuu wake aje kulia usiku kama mwanawe anavyolia. Mimi nikamwambia mjukuu hayupo, Wakili yupo, tuanze na aliyepo. Akasema huwezi kumzaa mtu ili awe spea ya mtu mwingine, na yeye anajua spea ni nini. Tulibishana jikoni. Tukabishana bafuni, mlango ukiwa katikati. Baya zaidi ni kwamba kila mmoja aliona mwenzake ana hoja, na hilo linachosha kuliko kugombana na mpumbavu.

Mama mkwe, tunayeishi naye, hakutaka hata kimoja. Mtoto hachaguliwi, alisema, anapokelewa. Halafu akaongeza ule wimbo wake wa siku zote, kwamba kwao ugonjwa huo haupo wala haujawahi kuwapo, umeletwa. Alipofika kwenye "umeletwa" alikuwa ananitazama mimi.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyojichimbia shimo.

Kazi yangu ni mkaguzi kwenye karakana ya kushona sare za shule. Nguo ikitoka kwa mafundi inapita mezani kwangu kabla ya kupigwa pasi. Nikiona kasoro, mshono umeruka au mfuko umepinda, sisemi neno. Nafunga uzi mwekundu kwenye kola. Fundi akiuona ule uzi haulizi, anajua nguo hiyo inakwenda kwenye kapu la kando. Mdomo ungeleta ugomvi, kwa hiyo karakana nzima tunazungumza kwa uzi.

Jumapili mchana nilikuwa sebuleni napiga pasi nguo za kwenda nazo kliniki, huku nazungumza na dada yangu kwenye simu. Wakili alikuwa mkekani anachora ramani ya shule. Dada akaniuliza tumefikia wapi. Sikutaka mtoto aelewe, kwa hiyo nikajifanya hodari wa mafumbo. Nikamwambia dada kwamba wenye uzi mwekundu wamekwisha kuondolewa, wako kwenye kapu, na sasa wamebaki wawili wasio na uzi, mmoja wao ndiye tutakayemvaa.

Nilijiona mjanja. Nilisahau kwamba mtoto huyo amekulia chini ya meza yangu. Likizo zote hushinda pale akiokota vipande, na uzi mwekundu alijua kuufunga kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ningezungumza lugha yoyote ya duniani asingeelewa, nikachagua hiyo.

Wakili aliendelea kuchora. Baadaye akaniomba kopo langu la nyuzi. Nikampa, nikafurahi kwamba amepata mchezo.

Jioni nilikwenda kuzitoa nguo kwenye kamba nilikozitundika. Gauni langu lilikuwa na uzi mwekundu kwenye kola. Nikadhani nimelileta kutoka kazini. Nikatazama shati la mume wangu, nalo lina uzi. Nikatazama mtandio wa mama mkwe, ule wa kutokea, na pembeni kabisa palikuwa na fundo jekundu, limefungwa kwa ufundi, vidole vya mkono mmoja na meno.

Nikaita watu wote sebuleni. Nikauliza nani kafanya mchezo huu.

"Si mchezo," Wakili alisema. "Ni ukaguzi."

Akasimama katikati ya chumba akatueleza kesi yake. Muuguzi wake alimfundisha kwamba mtoto wa sikoseli hupata nusu kwa mama na nusu kwa baba. Kwa hiyo mama ana kasoro, akanionyesha mimi. Baba ana kasoro. Na baba naye hakuokota barabarani, alipewa na mzazi wake. Babu alishafariki na nguo zake ziligawiwa, kwa hiyo uzi ukaenda kwa bibi mpaka ushahidi mwingine upatikane.

Mume wangu akacheka. Kisha akaona gauni la Wakili mwenyewe halina kitu, akamuuliza mbona yeye hajajifunga.

"Mimi mlishanifunga," alisema.

Kicheko kikaisha. Mimi nilishika pasi, na ilikuwa imepoa tangu mchana, nikaendelea kuishika tu.

Nilimgeukia mama mkwe nikingoja moto. Mwanamke huyo aliwahi kuninunia kwa wiki nzima kwa sababu nilikalia mkoba wake. Lakini alikuwa ameuchukua mtandio, ameuweka magotini, na anaupapasa ule uzi kwa kidole gumba. Hakuufungua.

"Mtoto huyu hajakosea," alisema.

Tukamsubiri. Akaanza kusimulia kwa sauti ndogo, macho yakiwa kwenye mtandio. Kabla ya mume wangu walikuwapo wawili. Wa kwanza alikuwa mvulana, vidole vikimvimba mpaka hawezi kushika kijiko. Wa pili msichana, alikuwa akikumbatia magoti yake na kulia mpaka sauti inakauka. Watu walisema homa, wakasema jicho, wakasema mama ana mkosi. Wote wawili waliondoka kabla hawajafika shule. Alipozaliwa mume wangu akiwa mzima, familia ilikubaliana wale wawili wasitajwe tena, na yeye akakubali, maana kila alipowataja alitazamwa vibaya.

Mume wangu ana mvi, jamani. Miaka yote hiyo anajiita kifungua mimba. Alivuta kiti akakaa, akauliza walikuwa wanaitwa nani. Mama yake akamnong'oneza sikioni, na majina hayo sikuyasikia.

Wahenga hawakukosea, mficha uchi hazai. Yeye alizaa, akaficha, akanitupia mimi lawama miaka yote ile ya "umeletwa". Ingekuwa siku nyingine ningemlipa papo hapo, na ulimi mnaujua ninao. Lakini alikuwa bado anaupapasa ule uzi.

Akamalizia hivi. "Nimewasema sana kwa hicho kisahani chenu. Ningepewa mimi wakati ule, ningechagua. Mungu anisamehe, ningemchagua asiyelia."

Nikiri kwenu, kwa dakika ile nilifurahi. Nilijisemea kichwani kwamba hatimaye bibi yuko upande wetu. Halafu nikauona uso wa Wakili.

"Hata bibi," alisema.

Bibi akanyoosha mkono amvute. Wakili akarudi nyuma, akanigeukia mimi. Anapokuwa na swali la kweli hukunja shingo kidogo upande wa kushoto, na aliikunja.

"Mama, ningekuwa mimi kwenye kile kisahani, ungeniweka upande gani?"

Mume wangu akaniita, "Mama Wakili," kwa sauti ya kunionya. Nilijua anachotaka niseme. Mama yeyote mwenye akili angesema, "Ningekuchukua wewe, mwanangu," halafu akamkumbatia mambo yakaisha. Lakini mtoto huyu namjua. Angeniuliza ushahidi, na vile vingine vilikuwa vimekwisha kuwekwa kando kwa idhini yangu mwenyewe.

"Ningekuweka kando," nilisema.

Mama mkwe alijifunika uso.

"Kwa sababu nisingekujua. Kwenye kisahani hakuna Wakili, kuna kifungo tu. Ningechukua kingine, nikalea, nikafa, na nisingejua nimekosa nini. Lakini sasa nakujua. Sasa mtu akija mlangoni na watoto wazima wa kujaza nyumba, akitaka kubadilishana na wewe, nitamtoa mbio na hii pasi."

Wakili akauliza kama hiyo ni haki. Nikamwambia sijui. Akasema sijui si jibu. Nikamwambia ndilo nililonalo. Hapo akalia, si kile kilio cha maumivu, kile nakijua, bali kilio cha mtoto wa kawaida aliyeonewa. Akaja akaweka kichwa tumboni kwangu, nikalia naye, pasi bado mkononi.

Hapo mume wangu, kwa huruma, akaharibu kila kitu. Yeye ndiye aliyekuwa hamtaki yule anayelingana, mnakumbuka. Lakini hakuweza kustahimili kumwona mwanawe vile. Akapiga magoti akamwambia asilie, kwani yuko mdogo wake mmoja ambaye akizaliwa anaweza kumponya kabisa, asiongezewe damu tena, akimbie kama wenzake.

Wakili akafuta pua. Akauliza anaponywaje. Baba yake akaeleza, mtoto akishakua kidogo analazwa usingizi, sindano inaingia kwenye mfupa wa nyonga, uboho unatolewa, na baada ya siku chache anacheza kama kawaida.

"Ataulizwa?"

"Atakuwa mdogo bado, mwanangu. Hatajua kujibu."

"Na mimi nilikuwa mdogo," alisema. "Nachomwa sindano tangu sijajua kusema, na mnanishika miguu. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja."

Nilimwambia kwamba ilikuwa kwa faida yake. Akanijibu kwamba ndiyo, yangu ilikuwa kwa faida yangu, ya huyo itakuwa kwa faida ya nani?

Akatoa hukumu. "Nataka mtoto wa kucheza naye. Sitaki mtoto wa dawa. Chukueni yule asiyenifaa."

Akatutaka tuahidi. Na ahadi kwa Wakili si ya kutikisa kichwa, ni ya kusema kwa mdomo, mmoja mmoja. Mume wangu akaahidi. Bibi akaahidi, ingawa hakuna aliyemwomba. Mimi nikaahidi wa mwisho. Usiku ule alikula vizuri, akamtania bibi yake kwamba amepoteza kesi, na nyumba ikapumua kidogo.

Asubuhi ilipofika nikasema yamekwisha. Nikakata uzi kwenye shati la mume wangu. Mama mkwe alikataa wake ukatwe, akajitanda mtandio vilevile na fundo lake. Nilipotaka kukata wa kwenye gauni langu, Wakili akaniita chumbani.

Alikuwa amesimama mbele ya kioo, gauni halijafungwa. Mtoto huyo hapendi kusaidiwa. Tangu kiharusi kile alijifunza mwenyewe, mkono wa kulia unasukuma kifungo, wa kushoto unashikilia tundu, na ole wako umguse. Asubuhi ile mkono wa kushoto ulikuwa unaanguka. Anauinua, unaanguka. Kabla sijaingia alikuwa amekwisha kujaribu na meno, kola imelowa mate.

"Mama, nifungie," alisema, kama vile ni jambo dogo.

Nikamfungia vifungo vyote mpaka juu. Nilikuwa nasikia sauti ya daktari, kwamba kiharusi cha kwanza mara nyingi hukiita cha pili. Nikamwambia tukifika daktari aukague mkono. Akasema amelalia vibaya tu. Nikasema sawa.

Kliniki tukamwacha nje kwenye benchi na bibi yake, muuguzi akaniahidi kwamba ataitiwa daktari wa watoto sasa hivi. Sisi tukaingia. Daktari wetu, mwanamke mpole anayezungumza polepole, akatukalisha akaeleza utaratibu. Tukimtajia kifungo, atawaambia watu wa maabara wakitoe kwenye baridi. Kikishatolewa hakirudishwi, kinaingia tumboni leo leo. Hakuna kusema samahani nimebadili mawazo.

Mume wangu akasema yule mzima. Hakusema kwa furaha ya mtu aliyeshinda. Alisema akitazama sakafu, na akaongeza kwamba tumemwahidi mtoto.

Daktari akanigeukia. Akasema mwili ni wangu, anataka alisikie kutoka kwangu.

Nilikuwa nimejiandaa. Maneno yenyewe ni mawili tu, na nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani. Lakini vidole vyangu vilikuwa bado vinakumbuka vile vifungo vya asubuhi, na ile kola yenye mate.

"Yule anayelingana naye," nilisema.

"Tuliahidi," mume wangu alisema.

"Wewe ndiye uliyemfungia gauni leo?"

"Ameomba kitu kimoja tu, mama Wakili. Tangu azaliwe, kimoja."

Nikamwambia atanichukia akiwa hai, akue, azeeke akinichukia, nitamshukuru Mungu kila siku kwa chuki hiyo. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Daktari alikuwa anatazama nyuma ya bega langu, si machoni mwangu, nami nikageuka.

Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na mtandio wake wenye uzi, amemshika Wakili kiunoni, maana walikuwa wamekuja kusema kwamba sasa hata mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi. Muuguzi alikuwa nyuma yao anakimbia na kiti cha magurudumu. Wakili hakutazama kiti. Alinitazama mimi, nikajua amesikia yote.

Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake. Mume wangu akamdaka upande wa pili. Nyuma yetu daktari alishika simu ya maabara, akauliza kwa upole, kama hana haki ya kuuliza wakati ule lakini hana namna, kama awaambie wakitoe au wangoje.

Wakili akainua mkono wake wa kulia, ule mzima, akaupeleka shingoni kwangu. Uzi ulikuwa bado upo kwenye kola, nilisahau kuukata. Akaushika kati ya vidole viwili, akauvuta, na sikuweza kujua kama anaufungua au anaukaza.

"Mama," alisema, na ulimi wake ulikuwa mzito. "Muulize na yeye, huyo mdogo wangu."

Daktari alikuwa bado ameshika simu.